Jani Lililokosea Mlango

Tangu wiki ile mji ulipofungwa, mwanangu alikataa kutoka nje ya geti. Ana miaka sita, ni wa kike, na kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kuzurura. Ukimtuma chumvi anarudi na habari za mtaa mzima. Naandika jinsi alivyorudi kutoka kwa sababu kanisani kwetu wameshaanza kuisimulia habari hii kama ushuhuda, na katika ushuhuda wao watu wote ni wazuri. Mimi nilikuwepo. Watu hawakuwa wazuri.

Tunakaa Elerai, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na kiwanja kidogo chenye geti la bati. Mume wangu ni Mwarusha, fundi wa kuchomelea. Mimi ni Mchaga wa Machame, nimeishia kidato cha nne, nauza mitumba ya watoto. Siku ile mambo yalipoanza nilikuwa Ngaramtoni sokoni. Asubuhi watu walikuwa wananong'ona kwamba mjini kumechafuka, lakini sisi tumezoea minong'ono, tukaendelea kupanga nguo. Kabla ya mchana mtandao ukakatika. Barabara ya Nairobi ikajaa moshi wa matairi, na kwa mbali ikaanza ile milio. Siielezi. Aliyekuwepo anaijua, na asiyekuwepo atajifanya haamini.

Mzigo nikamwachia mama mmoja wa vitunguu nikashika njia za mashambani, ndala mkononi. Mume wangu alikuwa Nduruma anafunga madirisha ya nyumba ya mtu, akakwama huko huko. Kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu, na shule ikawa imewaachia watoto. Simlaumu mwalimu. Kila mzazi aliyefika pale alikuwa anapiga kelele, na yeye mwenyewe ana watoto. Mwanangu aliondoka na wale wakubwa wa mtaani, na kila mmoja alipofika kwao akaingia ndani mbio, mpaka akabaki peke yake mbele ya geti letu lenye kufuli.

Akafanya anachofanya siku zote nikichelewa. Akaenda kwa bibi.

Huyo bibi si wa damu. Ni jirani wa geti la pili, mjane, mtu mzima, Mchaga mwenzangu, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kilutheri. Mtaa mzima tunamwita Mama Mwenyekiti. Mwanangu amekulia kwenye kochi lake. Wali wa pale anaujua kuliko wangu, na mara nyingi ameniambia mezani, bila aibu, kwamba wa bibi una nazi.

Nilimkuta mtoto kwenye mtaro, chini ya ule mfuniko wa zege tunaovukia, amejikunja na begi lake kifuani. Alikuwa amejikojolea. Hakulia nilipomtoa. Nilimbeba ndani, nikamwosha, nikamlisha uji, hakusema kitu. Alikuja kusema kesho yake, nikiwa nachambua mchele, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Bibi alikuwepo."

"Wapi?"

"Kwake. Nilimwona miguu, chini ya geti. Nikamwambia bibi ni mimi. Miguu ikasimama. Halafu ikaondoka."

Nilimuuliza kama ana uhakika ilikuwa ya bibi. Akaniambia rangi ya ndala na akaniambia kidole gani kina kucha nyeusi. Kila mtu mtaani anaijua ile kucha. Bibi aliangukiwa na sufuria.

Siku za kufungiwa ndani zikapita kama zilivyopita kwa kila mtu. Tulikula tulichokuwa nacho. Maduka yakafunguliwa, mtandao ukarudi, mume wangu akarudi kutoka Nduruma amekonda na nguo zile zile. Watu wakaanza kusalimiana tena barabarani kana kwamba walikuwa safarini. Lakini mwanangu hatoki. Namvalisha sare, namfunga viatu, anashika begi, tunafika getini, anasimama. Nikimvuta analegea mwili wote anakaa chini. Nikimbeba anashika bati la geti mpaka vidole vinakwaruzika. Hapigi kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Baba yake alimwahidi baiskeli. Akamjibu kwa heshima kwamba ataendeshea humu ndani.

Basi zikaanza dawa. Mteja wangu mmoja akaniletea chupa ya mafuta ya kupaka kwenye miimo ya mlango. Mwingine akasema mtoto wa siku hizi mpe simu tu, atasahau. Kanisani kila aliyeshika kipaza sauti aliniambia nisiogope, na kila mmoja aliombea amani, amani, amani. Nilikaa kwenye benchi nikiwaza: amani gani, na ya nani? Hakuna aliyesema tulichokuwa tunakiogopa. Walikuwa wanakizunguka kama mavi njiani. Watu wazima, wenye suti, wenye watoto wao majumbani, waliokuwa wamejificha chini ya vitanda vyao wiki moja tu kabla ya hapo, wanasimama mbele za Mungu na kuongea kama vile ilikuwa mvua imenyesha ikakata.

Mimi nilianza kuomba nikiwa nafua. Sikupanga. Nilikuwa nainama kwenye beseni, nguo zangu na za fundi zenye masizi, nikajikuta namsemesha Mungu kama ninavyomsemesha mwenye nyumba maji yakikatika. Nilimwambia: Wewe siku ile ulikuwa wapi? Ulimwona mtoto kwenye mtaro au na wewe ulisimama nyuma ya geti? Usiniletee habari za amani. Mwanangu hatoki nje. Fanya kitu. Nilisugua ile suruali mpaka ikachanika gotini. Sikujua kama inaruhusiwa kuongea hivyo, lakini ilikuwa sala ya kwanza tangu wiki ile ambayo sikuisema huku nafikiria kitu kingine, na siku zilizofuata nikaendelea nayo hivyo hivyo, beseni na Mungu.

Jumamosi nikaenda jumuiya. Sisi tunakutana alfajiri, kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Watu kama kumi na kitu, wengi wanawake, kanga mabegani, chai ya tangawizi baada ya Neno. Mama Mwenyekiti aliongoza, kama kawaida, sauti yake ile ya kujaa. Ikafika sehemu ya hoja za maombi, ambapo kila mtu anataja anachotaka kiombewe. Mmoja akataja mgonjwa. Mwingine mtihani wa mwanawe. Kisha Mama Mwenyekiti akavua miwani yake, akaikunja, akasema:

"Na tumkumbuke mjukuu wetu hapo jirani. Roho ya woga imemwingia mtoto. Mimi naona Jumatano twende pale kwa mama yake, tumwekee mikono, tuikemee."

Wengine wakasema amina. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe.

"Mama Mwenyekiti," nikasema, "kabla ya mikono, tuongelee miguu yako."

Akaniangalia. Alijua pale pale, nilimwona.

"Mwanangu hana pepo," nikasema. "Ana kumbukumbu. Aligonga geti lako, akakuita bibi, akaiona miguu yako imesimama upande wa ndani, na hukufungua. Sasa mnataka kuja kukemea nini? Kemeeni geti."

Watu wa kwetu wana dawa moja kwa kila aibu, nayo ni pambio. Sijamaliza hata kuvuta pumzi, katibu wa jumuiya, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya juu, akaanzisha. Wakapokea wote, makofi juu, macho yamefumbwa. Waliimba wakarudia, wakarudia tena, hakuna aliyetaka wimbo uishe kwa sababu baada ya wimbo kuna mimi. Niliweka kikombe chini nikaondoka. Nikawasikia mpaka kona.

Siku mbili baadaye katibu alikuja nyumbani. Hakupita zaidi ya mlangoni. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale.

Kwa asiye wa huku: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo la migomba, na juu ya kaburi. Mchaga akikukosea, kosa zito, analeta jani lake, au anamtuma mtu alilete. Ukiletewa, huna ruhusa ya kukataa. Akikataa mtu, baya litakalokuja ni la kwake na la watoto wake. Nimelelewa na hilo. Babu yangu alisamehe mtu aliyemuua ng'ombe wake kwa sababu ya jani, akanuna mpaka anakufa, lakini alisamehe.

"Mama Mwenyekiti ananituma kwako," katibu akasema. "Pokea, dada, yaishe."

Nikaliangalia lile jani. Mikono yangu niliificha kwenye kanga, maana naijua. Ingelipokea yenyewe kwa mazoea.

"Limekosea mlango," nikasema.

"Limekoseaje?"

"Mimi sijakosewa. Mimi nilikuwa Ngaramtoni. Aliyegonga geti yuko ndani anachora."

"Ni mtoto yule, dada. Isale halipelekwi kwa mtoto."

"Kwa nini?"

Akaligeuza jani mkononi. Kusema kweli hata mimi sikuijua sababu. Sijawahi kusikia mtoto ameletewa isale. Mtoto kwetu anakosewa, halafu wazazi wanapatanishwa juu ya kichwa chake, wanakunywa, yeye anaambiwa akacheze. Katibu hakuthubutu kurudi na jani na hakuthubutu kulitupa. Mwishowe akalichomeka kwenye bawaba ya geti akaondoka, akigeuka nyuma kila hatua kama ameacha jiko linawaka.

Mume wangu alilikuta jioni.

"Hili nini?"

Nikamweleza.

"Ninyi Wachaga mna mambo," akasema. "Mnamkosea mtu halafu mnamletea majani. Kwetu majani anakula ng'ombe. Mtu unamletea kondoo."

"Basi kamwambie alete kondoo."

"Kondoo ningempokea," akasema, akaingia kunawa. Nilicheka, kwa hasira yangu yote.

Mama yangu hakucheka. Nilimpigia Machame kumweleza, nikidhani atanitetea.

"Umelipokea?"

"Bado."

"Bado nini? Isale haliambiwi bado."

"Mama, hakunikosea mimi."

"Mtoto si wako?"

"Mtoto ni wangu. Woga ni wake."

Akaniambia nimeanza kuwa na kiburi cha mjini, na kwamba nisije nikampigia kumlilia jambo likitokea. Nilikata simu. Nisidanganye: niliogopa lile jani. Nina dini, nina cheti cha kidato cha nne, na nilikuwa napita pale getini kwa ubavu ili lisiniguse.

Kwenye beseni nikamwambia Mungu: umeona? Hata kuomba msamaha wanatumana. Mlete mwenyewe.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa mchana, geti liko wazi kwa sababu muuza maji alikuwa anaingiza madumu. Mama Mwenyekiti akasimama nyuma ya mkokoteni mpaka jamaa akamaliza, kisha akaingia, bila miwani, bila ile sauti. Alikuwa amelitoa lile jani kwenye bawaba. Mwanangu alikuwa chini anapanga vifuniko vya soda. Alipomwona akaja nyuma ya sketi yangu.

"Shikamoo," akasema kutokea huko nyuma, kwa sababu tumemfundisha.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Magoti yalimlia. "Bibi amekuja kuongea na wewe. Siku ile, unajua, kulikuwa na kelele nyingi, bibi hakusikia vizuri…"

"Mama," nikasema, "usimdanganye mwanangu kwenye kiwanja changu."

Muuza maji alikuwa bado anafunga kamba zake. Akaacha kuzifunga, akaondoka nazo hivyo hivyo zinaburuzika.

"Nilisikia," Mama Mwenyekiti akasema.

"Ulisimama," mwanangu akasema.

"Nilisimama."

"Halafu ukaondoka."

"Nikaenda chumbani nikajifunika blanketi. Niliogopa. Nilidhani nikifungua wataingia na wengine."

"Wengine nani?"

"Sijui."

"Nilikuwa peke yangu."

"Sasa najua."

Mtoto akatoka kidogo nyuma ya sketi. "Ikitokea tena, utafungua?"

Nilisubiri aseme ndiyo. Mtu yeyote angesema ndiyo. Ni mtoto, ni neno dogo, unalisema unaondoka. Yule mama ana ahadi mdomoni za kutosha kulisha jumuiya nzima mwaka mzima. Akalikunja lile jani, akalikunjua.

"Nataka kusema ndiyo," akasema. "Sijui, mjukuu wangu. Kwa kweli sijui."

Ningeweza kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Mwanangu ndiye aliyenizuia bila kujua, kwa sababu aliongea.

"Mimi nilikojoa," akamwambia.

Mama Mwenyekiti akaangalia chini. "Hata mimi," akasema, taratibu sana.

Mwanangu akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani cha kooni, akaniangalia kuona kama nimesikia, bibi na ukubwa wote ule kajikojolea. Na yule mama akaanza kucheka huku analia, kamasi zinamtoka, anajifuta kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na beseni kama mtu aliyefika kwenye msiba usio wake.

Akamnyooshea jani. Mtoto akalitazama.

"Sitaki leo," akasema. "Kesho."

Mama Mwenyekiti akanigeukia aniulize inakuwaje. Mila haina kesho. Nikamwambia umemsikia. Akaondoka na jani lake. Kesho yake akaja nalo, akaambiwa kesho. Akaja tena. Alikuwa anakaa kwenye ile ndoo, wanaongea habari za vifuniko vya soda, na wakati wa kuondoka anaulizia, na anaambiwa kesho. Majirani walimwona akipita na jani mkononi kila siku na wakajua lote. Aibu haikumzuia. Hilo nampa.

Siku moja mtoto hakusema kesho. Alilichukua akaenda kumfungia mwanasesere mgongoni, likafaa sana, ni jani refu na gumu. Mimi na Mama Mwenyekiti tuliangaliana, Wachaga wawili, tumeona isale limefanywa mbeleko. Nilimsimulia mama yangu kwa simu. Akasema, "Basi limepokelewa."

Jumuiya ilipofika zamu yangu sikutaka kuikaribisha, mume wangu akasema chai imeshanunuliwa. Walikuja, wakakaa wamebanana, wakiogopa kuniangalia. Kwenye hoja, Mama Mwenyekiti hakutaja mgonjwa wala mtihani. Alisema: "Mniombee mimi. Mtoto aligonga sikufungua. Nilisimama mbele yenu nikakemea woga wa mtoto, na wangu nikauacha nyumbani." Katibu akafungua mdomo, nikaona pambio linakuja. Mama Mwenyekiti akamshika goti. "Subiri kidogo, mwanangu. Tusiimbe."

Halafu mama mmoja wa kona ya kisima akasema siku zile alifuta namba ya kaka yake kwenye simu, kwa sababu huyo kaka anaongea sana na yeye aliogopa kukutwa nayo, na mpaka leo hajampigia, na hajui yuko wapi. Mwingine akasema aliona mtu ameanguka karibu na duka lake akashusha shata la mlango. Alisema hayo huku anachezea ukingo wa kanga. Mmoja akasema yeye haogopi tena, ana hasira tu na hajui aipeleke wapi, nikamwambia nina beseni. Tuliongea hivyo mpaka jua likatoka, chai ikapoa, na hakuna aliyekumbuka sala ya kufunga. Kama kuna ibada iliyonisaidia katika mambo haya yote, ni ile isiyofungwa. Hatukukemea kitu. Tulitaja.

Wanasema kwenye ushuhuda wao kwamba hapo hasira yangu ilikwisha. Uongo. Mama Mwenyekiti namsalimia, mtoto anakula kwake tena, ananiambia wali una nazi. Mimi bado sijamsamehe, na mimi hakuniletea kitu. Na wale ambao hata jani hawatuletei, waliofanya mji mzima ujikunje chini ya mifuniko ya mitaro, hao nawataja kwa Mungu kila nikifua, na nafua kila siku.

Lakini mtoto alikubali kutoka. Ilikuwa Jumatatu, nimemvalisha sare bila matumaini, akanishika vidole viwili akavuka geti. Nilijifanya siyo jambo. Tulipofika geti la kwanza la jirani akasimama.

"Hawa wangefungua?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sijui," nikasema.

Geti la bluu. "Na hawa?"

"Sijui, mama. Twende, tumechelewa."

Kwenye geti jeusi, la nyumba ambayo mwenyewe hatumjui hata kwa salamu, akaachia vidole vyangu. "Tuwaulize," akasema, na kabla sijamshika alikuwa ameshagonga, kwa ngumi, kwa nguvu zake zote.

Akatoka mwanamume mwenye singlendi, mswaki mdomoni, povu kidevuni. Akaangalia juu kwangu, akaangalia chini.

"Shikamoo," mwanangu akasema. "Siku ile ningegonga hapa, ungenifungulia?"

Yule baba akautoa mswaki. "Anasemaje huyu mtoto?"

"Umemsikia," nikasema. "Siku ile. Angegonga. Ungefungua?"

Akageuka nyuma kuangalia nyumba yake, kama jibu liko ndani. Povu likamdondokea kifuani hakulifuta. Kule chini kengele ya shule ikalia, na mwanangu hakusogea, na mimi sikumharakisha. Tulisimama pale tukimsubiri aseme.